Wageni Waanze na Sanduku Lipi?

Benchi liko kwenye kibaraza cha duka langu la chakula cha mifugo, hapa Molalla, jimbo la Oregon, na hata mvua za Oktoba zikianza, wenyewe hawaliachii. Mimi nauza chakula cha kuku na nyasi za farasi. Kahawa natoa bure, na huo ndio ujinga wangu wa maisha. Wakaaji ni watatu, wenye wajukuu, na wote wana ugonjwa mmoja. Mtu anaficha sanduku porini, anatangaza mtandaoni mahali lilipo kwa vipimo vya satelaiti, wengine wanalisaka simu mkononi. Wakilipata, wanasaini karatasi ya ndani na kulirudisha palepale. Basi, ndiyo raha yenyewe hiyo! Zamani chama chao cha wasakaji kilijaza ukumbi wa zimamoto. Siku hizi kinaenea kwenye benchi langu na nafasi ya mbwa inabaki. Kesho wanaletewa wageni, watoto na wazazi wao. Hao nao wakichoka, chama kinavunjwa na masanduku yote yanang'olewa. Ijumaa nzima walikuwa wakibishana wageni waanze na lipi.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Verl Haugen, ambaye tunamwita Wa Kwanza. Saini yake isipokuwa ya juu kabisa kwenye karatasi, hapati usingizi. Alishawahi kutoka kanisani katikati ya mahubiri, eti simu imeita, kuna sanduku jipya.

— Waanze na mbio, akasema. Tunawaamsha alfajiri, napuliza firimbi, kila mtu anajua lake. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

— Mwana gani tena, mzee? Wana watakuwa wamelala! Huyo alikuwa Doreen, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Tunamwita Mama Fumbo.

— Atakayefika wa pili je? nikauliza.

— Arudi kwao.

— Mtoto wa miaka sita arudi kwao?

— Ajifunze mapema.

— Haya, sikilizeni watu wenye akili, akasema Mama Fumbo. Waanze na langu la makaburini. Unasoma mwaka aliokufa kila mtu wa safu ya tatu, unajumlisha, unagawa kwa saba, jibu unaligeuza kuwa herufi, herufi zinakupa mji wa Ulaya...

— Ulaya ipi, dada? Sanduku si liko nyuma ya duka la kinyozi? akadakia Wa Kwanza.

— Ndiyo utamu wake! Mvumilivu hula mbivu.

— Tangu uliweke, nani ameshalipata?

— Bado. Kizuri hakipatikani upesi.

Kwa hiyo limeiva mpaka limeoza, nikajisemea, nikawamiminia kahawa. Nao wananyoosha vikombe tu, hata asante hawasemi.

Wa tatu ni Orrin, jina la benchi Punje, kwa sababu makopo anayoficha hayazidi punje ya mahindi. Akavuta donati yangu, akaipasua.

— Nyie wote mnapoteza muda. Waanze na langu la darajani. Nimelitia ndani ya tundu la msumari, limening'inia kwa uzi wa kuvulia. Unahitaji kioo, koleo la nyusi na mtu wa kukushika miguu.

— Umshike mtoto miguu juu ya mto? akauliza Mama Fumbo.

— Wazazi wanakuja kufanya nini? Na wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Tukatafuta uhusiano. Haukuwepo.

— Na lile la Nadine? nikauliza mimi. Lile la kwenye shina la mwerezi, ng'ambo ya kivuko.

Punje akacheka mpaka makombo yakamtoka.

— Lile sanduku la chuma la kuwekea risasi? Kubwa kama friji! Hata kipofu atajikwaa nalo. Hilo si la kusaka, bwana, hilo ni la kukutana nalo.

— Aibu kwa chama, akasema Mama Fumbo. Halina hata fumbo moja.

Wa Kwanza alikuwa anatazama ndani ya kikombe. Nadine alikuwa mkewe. Alizikwa mwaka juzi, na wenzake wawili wanalijua hilo vizuri sana, lakini mdomo wa benchi hili hauna breki. Niliwachukia dakika ile, nasema kweli.

Ndipo mama mmoja akapanda kibaraza akikung'uta mwavuli. Akajitambulisha: Tamsin Ochoa wa maktaba, ndiye anayewaleta wageni kesho.

— Samahani wazee wangu, akasema. Nimeambiwa nyie ndio wataalamu. Nina swali dogo tu.

Wote watatu wakavimba vifua.

— Mtoto akishalipata hilo sanduku, akalifungua, ndani atakuta nini?

Punje akakohoa.

— Karatasi.

— Halafu?

— Anasaini.

— Halafu?

Mama Fumbo, mwalimu wa miaka yote ile, akaanza kufuta miwani iliyokuwa safi.

— Inategemea, akasema.

— Basi hilo kubwa mlilokuwa mnalicheka nikipanda ngazi, lina nini?

Hapo wakamgeukia Wa Kwanza. Zamani hata mimi ningejibu, maana kila Ijumaa Nadine alikuja dukani kununua wale farasi wadogo wa plastiki, akaenda kulijaza. Mtoto anachukua farasi, anaacha chochote alicho nacho mfukoni: kifungo, gololi, jino.

— Sijui, akasema Verl. Sijalifungua tangu afe.

Nikainamisha birika nimwongezee. Likatoa matone mawili, likakauka. Wenzake wakaanza kuamka, maana bila kahawa hatuna urafiki. Verl naye akainuka, lakini akaingia dukani, akasimama mbele ya rafu ya farasi.

— Nipe wote, nikalijaze jioni hii, akasema. Na yule mwenye mguu uliovunjika.

Mama Fumbo akamsubiri mlangoni.

— Kwa hiyo kesho firimbi saa ngapi, Wa Kwanza?

— Hakuna firimbi, akasema. Kesho mimi nafika wa mwisho.