Rispah Nanzala, Aliyempa Kila Mtu Firigisi Yake

Leo, Ijumaa tarehe 14 Desemba 2018, tunamzika Rispah Nanzala hapa Dubai, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyedhani angezikwa. Mdogo wake Fridah, ambaye ndiye anayewasomea haya, aliombwa na watu wa nyumbani aandike kwa upole. Amejaribu. Pale upole ulipomshinda mtamsamehe, na asiyeweza kusamehe, basi.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Mei 1974 katika kijiji cha Emalindi, Khwisero, Kakamega, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Linus Okwaro na Mama Peris Ayuma. Mvua ilikuwa imekataa mwaka huo na ghala lilikuwa limebaki na panya tu, ndiyo maana akaitwa Nanzala, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Baada yake alizaliwa Ignatius, kisha Fridah. Ignatius alibebwa mgongoni na Rispah mpaka miguu yake ikawa inaburuta chini. Hilo liandikwe, maana inaonekana mwenyewe amelisahau.

Kwa faida ya wageni wasiojua mila zetu, kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke anaweza kumlea kuku huyo tangu yai, amkimbize uwanjani, amnyonyoe, ampike na kumpakua, lakini firigisi haimhusu. Baba asipokuwepo hupewa mtoto wa kiume, hata kama bado anajikojolea. Krismasi ya mwaka 1983, Rispah akiwa na miaka tisa, aliachiwa sufuria aichunge. Sahani ya Mzee ilipofika mezani haikuwa na firigisi.

"Firigisi iko wapi?" Mzee akauliza.

Mama alimchapa Rispah kwa mwiko uleule wa kupakulia, mbele ya wageni, kwa sababu asingemchapa angechapwa yeye. Rispah hakukana wala hakuomba msamaha. Alilia huku akipiga kelele, "Lakini ni tamu, Mama! Ni tamu!" Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisa hicho kilisimuliwa pale nyumbani kila Krismasi kama kichekesho. Fridah hajawahi kuona cha kuchekesha ni nini.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1988, akawashinda wasichana wote wa shule yake na karibu wavulana wote. Alifika kidato cha pili. Mwanzoni mwa 1991 aliambiwa akae nyumbani kidogo ili Ignatius naye ajiandae kwa sekondari. Hicho kidogo hakikuisha mpaka leo. Alianza kupika kwenye jikoni ya shule moja ya bweni, akiwapikia wasichana wa rika lake waliokuwa wakisoma alichokuwa akisoma yeye.

Mwaka 1995 aliolewa na Bwana Clifford wa Mumias, wakajaliwa watoto wawili, Roselyne mwaka 1996 na Jeremy mwaka 2000. Ndoa ilidumu hadi 2008. Mwaka huo Bwana Clifford alileta mke mwingine ndani ya nyumba, akamwambia Rispah ahamishie kitanda jikoni. Rispah alihamisha jikoni badala yake. Alifunga sufuria zake, mwiko wake na jiwe lake la kusagia, akawashika watoto mkono na kwenda zake. Watu wa Mumias husema aliacha ndoa. Waseme pia aliachiwa nini cha kukalia.

Alifika Dubai Machi 2010, watoto akiwaacha kwa Mama pale Emalindi. Aliosha vyombo katika hoteli moja ya Al Barsha, kisha akawa mpishi wa chakula cha wafanyakazi. Alikaa Al Mankhool katika fleti ya kugawana, na Fridah alipokuja mwaka uliofuata kufanya kazi ya duka, walilala chumba kimoja. Alikuwa mkali, tusidanganyane. Alikuwa mkali kwa wavivu, kwa wanaonusa chakula kabla ya kula, na kwa kila mtu aliyemwambia kwamba Krismasi ya ughaibuni inatosha kwa kuku wa kukaanga wa kununua. "Huo ni mlo wa mtu asiye na kwao," alisema.

Krismasi yetu huku aliianza Septemba. Kila aliyekwenda likizo alipewa amri ya kurudi na mrenda uliokaushwa, unga wa wimbi, na munyu, ile chumvi ya majivu ambayo bila hiyo mboga za kwetu ni majani tu. Samuel, mlinzi wa Al Barsha ambaye mnamwona pale amebeba shada, mwaka 2013 alirudi na biskuti. Rispah alimpa biskuti zake kwenye sahani na kumwonyesha koridoni pa kuzilia. Kwa kuwa huku Krismasi ni siku ya kazi kama nyingine, tuliisherehekea Ijumaa iliyo karibu, siku ya mapumziko ya huku, na Rispah alianza kuwasumbua wasimamizi wa watu wengine mapema ili wapewe ruhusa. Hakuna aliyeachwa nje. Wakenya, Waganda, Wakristo, Waislamu, aliyefukuzwa kazi, aliyenyimwa pasipoti na kafeel wake, yule mwajiri aliyemdhamini viza, wote waliambiwa, "Njoo na kiti chako."

Mwaka ule wa kwanza alinunua kuku wa duka huko Naif, akampasua, akakuta tumbo tupu. Alirudi dukani naye mkononi akiwaka moto. "Nani amekula firigisi ya kuku wangu?" Muuza duka hakujua hata anazungumzia nini. Aliyemwokoa ni Rukiya wa Mombasa, aliyekuwa pale akinunua mzigo wa kupeleka nyumbani. Walikuwa hawajuani.

"Shoga, huyo hakuibii," Rukiya akamwambia. "Hapa firigisi zauzwa kando. Njoo uone."

Akampeleka kwenye friji. Zilikuwa zimejaa, pakiti juu ya pakiti.

"Zote hizi?" Rispah akauliza. "Za nani?"

"Za mwenye kununua, mwanangu, za nani tena?"

Rukiya husema Rispah alicheka, kisha machozi yakamtoka pale pale mbele ya samaki wa barafu. Tangu ule mwiko wa 1983 alikuwa hajaonja firigisi. Krismasi hiyo kila aliyekuja, mwanamume kwa mwanamke, alipewa yake, na ikawa ndiyo sheria ya nyumba.

Krismasi ya 2015 iliangukia Ijumaa yenyewe. Ignatius alikuwa amekuja kwa viza ya matembezi kutafuta kazi, akilala kwenye godoro la Rispah huku Rispah akilala sakafuni. Alipoona bakuli la firigisi linakuja alifurahi.

"Dada, hizi zote ni zangu?"

"Yako ni moja, kama ya kila mtu."

"Hata hawa wasichana?"

"Hata hawa."

"Kwani nyumba hii haina mwanamume?"

"Nyumba hii ina mwenyewe," Rispah akamjibu, mwiko mkononi. "Ndiye anayepakua."

Ignatius alisukuma sahani, akashuka chini kununua shawarma. Rispah aliichukua firigisi yake, akaila juu ya ile ya kwake, na kuuliza nani mwingine hataki. Tulicheka sana siku hiyo. Hatukujua kwamba mwenzetu ameweka kinyongo.

Mwaka 2016 Rispah alimjengea Mama jikoni ya matofali pale Emalindi, yenye bomba la moshi, kwa sababu kikohozi cha Mama alikuwa akikisikia kwenye simu. Humo ndimo alimopanga kupika Krismasi ya mwaka huu. Alikuwa amechoka kupikia sakafuni mwa watu, alitaka kurudi kabisa, na tiketi yake ilikuwa ya tarehe 18 Desemba. Kwa kuwa nyumbani hakuna friji la firigisi, alimwambia Mama alee kuku kwa hesabu ya watu wote wa boma.

"Kila mtu kuku wake?" Mama akashangaa.

"Kila mtu firigisi yake, Mama. Na wewe wa kwanza."

Mama alianza kulea. Ignatius, ambaye alikuwa amesharudi nyumbani, alipopata habari alisema dada yake anataka kuharibu boma. Jikoni ya matofali haikumsumbua. Kilichomsumbua ni kipande cha nyama kisichojaza kiganja!

Ugonjwa ulianza mwishoni mwa 2017 kwa maumivu ya tumbo na kutokwa damu. Kila alipoomba ruhusa aende hospitali, sir wake, msimamizi wa jikoni, aliangalia saa na kusema, "Yalla, mama, baadaye." Alipewa vidonge vya maumivu akarudishwa kwenye masufuria. Agosti mwaka huu daktari alimwambia ni saratani ya mfuko wa uzazi na kwamba amechelewa. Amechelewa! Mtu aliyekuwa kazini kabla ya alfajiri maisha yake yote. Hata kitandani aliendelea kupanga. Alimpigia Roselyne simu kumkumbusha kwamba mrenda haupikwi kwa magadi ya duka, na Jeremy alipewa kazi ya kuchinja lakini akakatazwa kugusa viungo. Alifariki Jumanne tarehe 4 Desemba 2018, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Rukiya, kwa sababu Fridah alikuwa ameambiwa na madam wa duka amalizie zamu kwanza. Hilo Fridah hatalisamehe, hata muombe mpaka mchoke.

Ndugu na marafiki, mmeuliza kwa nini hatukumpeleka nyumbani. Hamkukosa kujitolea, Mungu awabariki, kila kitu cha safari kilikuwa tayari. Kilichokosekana ni udongo. Watu wa Mumias walisema mke aliyeondoka watamzika nje ya ua. Tukamgeukia Ignatius, mrithi wa boma la Mzee. Alituma sauti kwenye simu, na tunainukuu neno kwa neno: "Binti aliyeolewa harudi kuzikwa kwa baba yake. Huyo alijifanya mwenye boma huko Dubai. Basi azikwe huko kwenye boma lake." Baadaye ameomba maneno hayo yasisomwe kanisani. Yamesomwa. Mgongo uliombeba hana nafasi ya kuulaza, na jikoni aliyoijenga marehemu anaotea moto yeye.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Ndiyo maana shimo la leo limesimamiwa na mlinzi aliyelishwa biskuti koridoni, na kitambaa cha meza ya chakula kimefuliwa na mwanamke wa Mombasa asiyesherehekea Krismasi. Baada ya mazishi tutarudi Al Mankhool. Chakula kilichoko ni cha Krismasi, kama alivyotaka kipikwe, na munyu umefika kutoka kwa Mama. Kila mtu atapewa firigisi yake. Asiyekula asiache kwenye sahani, ampe jirani.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizonazo, kwa sababu zilishachapishwa. Asubuhi ya leo Mama Peris alipiga simu. Alikuwa amesikia ile sauti ya Ignatius, Jeremy alimwekea. Alisubiri. Jana mchana alimkamata jogoo mmoja kati ya wale aliokuwa akiwalea, akampika ndani ya jikoni ya Rispah. Ignatius alikuwa ameketi mezani, amenawa mikono. Mama akaleta sahani yake, haina firigisi.

"Mama, firigisi iko wapi?"

Mama ana miaka sabini na sita, na kwa muda huo wote alikuwa hajawahi kuitia mdomoni. Alikuwa nayo mkononi. Alisimama mlangoni akaila mbele ya mwanawe, polepole, kwa meno machache aliyobaki nayo, mpaka ikaisha. Kisha akamwambia, "Mwenye boma hili amekufa. Aliyebaki ni mimi. Siku nitakapozikwa hapa, utajua pa kumweka dada yako, kwa sababu nimewaambia wazee aletwe kutoka huko, tulazwe pamoja." Ignatius aliondoka bila kula. Amezoea.

Mama alimpa Fridah ujumbe wa kufikishwa kaburini leo, akasisitiza usomwe kwa sauti: "Mwambie Nanzala nilimchapa bure. Mwambie nimeionja. Ni kweli, ni tamu."

Marehemu ameacha mama yake, Mama Peris Ayuma. Watoto wake, Roselyne na Jeremy. Mdogo wake Fridah. Dada yake wa Naif, Rukiya. Na wote waliowahi kupanda ngazi za Al Mankhool na kiti mkononi. Ameacha pia kaka, Ignatius.

Rispah Nanzala, dada yetu, wewe pumzika kwa amani. Sisi bado hatujapumzika.