Jino la Kiongozi wa Kwaya

"Aaah!" Sauti moja tu ilipasua usiku wa kijijini kwetu Kamachumu. Asubuhi ile ya Jumamosi, mwaka 1988, benchi la kahawa la Ma Anatolia lilikwishajua ni ya nani. Ta Byabato, mzee wetu na kiongozi wa kwaya ya Kilutheri, alikunywa maji ya mtungini, jino likampiga ganzi hadi utosini. Na kesho ni sikukuu ya mavuno. Kwaya nzima inamtegemea, naye hawezi hata kuvuta pumzi kinywa wazi.

— Sugua kwa mkaa! akasema Mujuni, tuliyemwita Profesa kwa kuwa alifika darasa la nane.

— Wiki ya tatu hii nasugua, asubuhi na jioni, mkaa na mchanga, akajibu Byabato pale benchini.

— Ongeza! Haba na haba hujaza kibaba.

— Achana naye, akadakia Mayenga, mvuvi wa kisiwa cha Bumbire. Sisi alfajiri tunazamisha kichwa ziwani, kinywa wazi, mpaka jino lizoee. Dawa ya moto ni moto!

— Jino si bata, waitu, ndugu yangu! akasema Byabato.

— Basi tafuna pilipili, akapaaza sauti Profesa. Ganzi ikiona pilipili inahamia sikioni.

— Nikiwa kiziwi nitaongozaje kwaya?

Tukacheka hadi kahawa ikamwagika. Penina, msaidizi mpya wa daktari wa meno, alikuwa amesimama hapo akingoja kikombe chake. Akaomba alione lile jino. Byabato akafungua midomo kidogo tu.

— Mkaa na mchanga vimelikwangua, Ta Byabato. Acha kabisa. Tumia mswaki laini, usukutue kwa maji vuguvugu ya chumvi. Na twende sasa hivi, daktari yupo. Kama kuna tundu ataziba, kama mzizi uko wazi ataupaka dawa.

— Hizo koleo zenu zimepita vinywa vingapi? akauliza Profesa.

— Kila chombo tunakichemsha. Njoo uone.

— Siendi, akasema Byabato.

— Unaogopa nini? akauliza Penina.

Benchi zima likatazama chini. Miezi minane nyuma tulimzika Clavery, mdogo wake Byabato, aliyeanza na vidonda vya kinywa. Tulisema kifua. Tulisema karogwa. Tulisema "ugonjwa ule".

— Daktari akichungulia humu, akasema Byabato polepole, atakuta nami ninacho kilichomuua Clavery.

— Kilimuua nini? akauliza Penina.

Byabato akaweka kikombe chini.

— Ukimwi.