Maswali ya Kemia ya Marehemu Louis Okito

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu kaka yangu Louis Okito Djamba alizaliwa Tunda tarehe 9 Februari 1917, mtoto wa kwanza wa baba Djamba na mama Mwavita. Tulizaliwa wawili tu. Mimi Jeannette ninayesoma haya ni mdogo wake.

Alisoma shule ya misheni palepale Tunda. Mwaka 1934 alikuja Kindu kusomea uuguzi, na alipomaliza mwaka 1937 alipewa kazi katika maabara ya hospitali. Alipima damu na maji ya visima kwa miaka ishirini na moja.

Tarehe 17 Juni 1944 alifunga ndoa na Hélène. Siku moja mezani alimuuliza mkewe kwa nini chumvi inapotea ndani ya mchuzi lakini ladha inabaki. Hélène akamjibu, "Louis, kula kwanza. Chumvi haiko na haraka." Septemba 1947 Hélène alifariki akijifungua, na mtoto hakupona. Louis hakuoa tena.

Mwaka 1949 alianza kuwafundisha kemia wauguzi wanafunzi sita, kila Jumapili, barazani kwake. Hawakuwa na kitabu, kwa hiyo aliwaandikia maswali ya mazoezi kwa mkono: gesi, chumvi, asidi, uzito wa vitu kabla na baada ya kuungua. Mwaka 1951 wote sita walipelekwa kazini mbali, wengine Kasongo, wengine Kabambare na Pangi. Viti vilibaki barazani. Yeye aliendelea kuandika, akanakili na kuwatumia kwa posta. Majibu yalirudi mara chache, kisha yakakoma.

Nilimuuliza, "Kaka, unamuandikia nani sasa?"

"Kuna mutu atafanya mtihani," alisema.

Alifikisha maswali mia tatu na kumi na nane. Mimi nilikuwa Kibombo kwa mume wangu, safari fupi ya treni, na nilimtembelea mara moja kwa mwaka. Nalisema hili mbele yenu kwa sababu ni kweli.

Novemba 1958 figo zilimlaza. Tarehe 12 Machi mwaka huu Bruno, mmoja wa wale sita, alifika kutoka Kasongo. Alimwambia kwamba maswali yake yamenakiliwa, na wanafunzi arobaini wanayafanyia mazoezi. Louis akamuuliza:

"Swali la mia mbili na kumi, walijibu nini?"

"Walikosa wote, mwalimu. Uliuliza asidi ikiongezwa maji mara mbili, ukali unabaki kiasi gani. Jibu lako ni nusu. Wao walitia chupa mbili za maji juu ya moja ya asidi, wakaandika theluthi."

"Hawakukosa. Mimi njo niliuliza vibaya. Andika: chupa moja ya asidi, chupa moja ya maji."

Bruno aliandika. Louis alimwomba amsomee, kisha akamwomba asome tena.

Alifariki Jumamosi tarehe 14 Machi 1959, saa moja asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono.

Hakuacha mke wala mtoto. Ameacha mdogo wake Jeannette, shemeji yake Henri, mume wangu, na wanafunzi aliowafundisha, pamoja na arobaini ambao hakuwahi kuwaona.

Kaka Louis, Mungu akupokee, upumzike salama.