Kamishna wa Vipimo wa Ghala la Huangpu: Maisha ya Mzee Anatory Mugyabuso

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumuaga kabla hajasafirishwa kwenda nyumbani, marehemu Mzee Anatory Mugyabuso, ambaye wengi mlimwita Mzee Futi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Kanyigo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia 1969 hadi 1975, akamaliza sekondari Bukoba mwaka 1979, na mwaka 1983 akaajiriwa serikalini kuwa afisa vipimo mjini Mwanza, ambako kwa miaka thelathini na mitatu alikagua mizani za samaki na pamba, na wachuuzi walipomwona kwa mbali walianza kufuta sahani za mizani kabla hajasalimia.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na Bi. Edina, aliyetangulia mwaka 2015, wakajaliwa watoto wawili, Geofrey na Bertila. Baada ya kustaafu alikuja hapa Guangzhou mwaka 2018, kwa Bertila, anayenunua viatu soko la jumla la Zhanxi na kuvisafirisha nyumbani kuuza.

Tarehe 10 Machi 2019 wafanyabiashara wetu walimchagua kuwa Kamishna wa Vipimo, kazi isiyo na mshahara, ya kupima upya maboksi ghalani Huangpu kabla ya kupakiwa, kwa sababu nauli hutozwa kwa ukubwa, na wakala wa mizigo, Bwana Liévin wa Lubumbashi, alikuwa akipima boksi tumboni, pale lilipofura. Marehemu aliagiza lipimwe kwenye kona, Liévin akatii, ila kwa miaka mitano alilalamika, "Papa, futi yako inaninyonga," na hakuna aliyemsikiliza.

Mei 2024 mjukuu wa marehemu, Imelda, akiwa na rula aliyobaki nayo tangu alipoacha shule, aligundua kwamba tepu ya babu, ile futi aliyoilalamikia Liévin, inasoma pungufu nusu sentimita, hivyo Liévin alikuwa akilipwa pungufu, kwa kuwa kile chuma cha nchani kilikuwa kimelegea. Wafanyabiashara walimwambia, "Mzee, kausha, mbona imetufaa," lakini Jumapili iliyofuata alisimama kikaoni, akamwambia Liévin kwamba amemwonea, kwamba hajui imelegea tangu lini, kwa hiyo anaihesabu miaka yote kuwa kosa lake, akaweka tepu mezani na kujiuzulu. Wapo ambao hawakumsalimu hadi Krismasi, na Bertila alikosa wa kuchangia naye kontena.

Machi 2025 alianza kuugua figo, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, alifariki akiwa ameshikwa mkono na Imelda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa ya sita waliotuletea uji kila siku, wafanyabiashara wote, pamoja na wale waliokuwa wamenuna, na Bwana Liévin, ambaye jana, shirika la ndege lilipotaka vipimo vya jeneza, alikuja na tepu mpya, akapima kwenye kona, mara mbili, kisha akamwita Imelda asome namba kwa sauti kabla hajaiandika.

Pumzika kwa amani, Babu, namba ilikuwa sahihi.