Mayu Mektilda, Aliyemsafisha Yakobo kwa Bisibisi

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne kazini, Bi. Mektilda Shigela, fundi kompyuta wa chuo chetu hapa Bariadi, anastaafu. Bisibisi zake anaondoka nazo. Tumembembeleza, amekataa.

Alitoka Mwandoya mwaka 1991, akaajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipofika, wakubwa waliizunguka kama ng'ombe mgeni zizini. Yeye akaifungua siku hiyohiyo. Alipoirudishia ilibaki skrubu moja mezani, na mashine ikawaka vizuri tu. Skrubu ile ilitoka wapi, hajui hadi leo.

Lakini kilichompa sifa ni laptop ya ofisi ya taaluma, Novemba iliyopita. Ilibeba alama za wanachuo mia nne, na kila baada ya dakika chache skrini inageuka bluu, inazima, kazi uliyoingiza imepotea. Ilipigwa windows upya mara tatu, wapi! Watu wakasema virusi. Wakasema umeme. Mwisho wakamsema Yakobo, karani wa taaluma: eti anaiharibu makusudi kuficha uzembe wake. Barua ya onyo ikachapwa. Yakobo akagoma kula siku mbili, na wanaomjua Yakobo wanaelewa uzito wa jambo hilo.

Mayu Mektilda, yaani mama kwa Kisukuma, akaomba nusu siku. Laptop ile ina vipande viwili vya RAM, vinavyoshika kazi kwa muda mashine ikiwa imewashwa. Akachomoa kimoja, akakipima kilichobaki kwa programu ya kukagua RAM: saa mbili nzima, hakuna kosa. Akaweka cha pili kwenye tundu lilelile. Mistari myekundu ya makosa ikajaa skrini! Tundu zima, kipande kibovu.

"Yakobo mwanangu, si wewe," akasema, akikiinua juu. "Ni huyu hapa anayesahau."

Yakobo alimkumbatia mpaka miwani ya mama wa watu ikaanguka. Mkuu wa chuo, Ndugu Masunga, aliichana barua mbele yetu sote na kuomba radhi. Hadi saa kumi jioni alama zote zilikuwa zimeingia. Joyness wa jikoni alipiga vigelegele kabla hata hajaelewa ni nani aliyepona.

Mayu, wabheja sana, asante sana. Nenda nyumbani kwako Migato kwa ng'ombe wako sita, ulale mpaka jua likuamshe, na maisha yakunyookee. Simu zetu usipokee. Tutapiga hata hivyo.