Bila Wasiwasi

Naomba radhi mapema, maana kisa hiki nitakisimulia vibaya. Mimi ni mtu wa jukwaani, na jukwaani ukiharibu wanakuvutia pazia. Hapa hakuna pazia, kuna benchi. Tena si benchi hasa, ni ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za gari, kati ya kibanda cha fundi viatu na kinyozi. Wa mwisho akiinuka ghafla, wa kwanza anakaa chini bila kuambiwa. Wenye kijiwe ni Soli, fundi viatu mwenyewe. Wembe, kinyozi anayegeuka kubishana katikati ya kichwa cha mtu, ndiyo maana wateja wake wanajulikana kwa mbali. Breki, dereva mstaafu wa malori, ambaye akianza kusema hazishiki. Na mimi, wanayeniita Mkurugenzi kwa sababu niliwahi kuongoza kikundi cha vichekesho, na sasa naongoza kila jambo nisiloulizwa. Mzee wa kahawa hutua birika lake katikati yetu, na haondoki mpaka likauke. Siku hiyo jambo lilikuwa zito. Binti wa Soli alikuwa amepasua mitihani mpaka shule mbili za bweni zikamgombania, zile za watoto wa wakubwa, na zote mbili zimeahidi kumsaidia ada. Mwisho wa kujibu ulikuwa kesho.

— Nipeni akili, alisema Soli, kiatu cha mtu kikiwa mapajani. Kilimani wanalipa ada yote. Bondeni wanalipa robo tatu. Twende wapi?

— Unakwenda wewe? akauliza Wembe.

— Anakwenda mtoto. Ila atakayedaiwa ni mimi.

— Hapo pana swali kweli? alidakia Breki. Huku yote, huku robo tatu! Hata tairi la akiba linajua jibu.

— Polepole, bwana, alisema Wembe. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Sasa kama rahisi ni ghali, bure itakuwa bei gani?

Tukakitafuta kisichokuwamo ndani ya maneno yale. Mzee wa kahawa akamimina.

— Mimi naangalia mambo makubwa, alisema Breki. Kilimani wana bwawa la kuogelea. Bondeni hawana. Kwa nini? Kwa sababu Kilimani wanajua methali. Samaki mkunje angali mbichi! Utamkunja wapi samaki kama huna bwawa?

— Na farasi je? aliuliza Soli. Nimewaona kwa macho yangu, farasi wawili.

— Farasi ni kwa ajili ya ada! Mtoto akishajua kupanda farasi, nani atamrudisha nyumbani kwa ada? Watamkamata na nini, baiskeli?

— Nyie mnaongea wanyama, mimi naongea watu, Wembe alisema, mashine ya kunyolea mkononi, mteja akimsubiri na nusu ya kichwa. Kule vitanda ni vya juu na chini. Binti yetu analala juu, chini analala mtoto wa waziri. Usiku shuka la binti yetu linaanguka. Mtoto wa waziri analiokota. Basi! Udugu umeanza.

— Kwa shuka?

— Kwa shuka. Likizo wanatembeleana. Waziri anakuja kumchukua mwanawe, hapahapa. Anaona kiatu chake kimeachia soli. Nani fundi?

— Mimi, alisema Soli, akijiweka sawa.

— Unamshonea. Anafurahi. Barabara hii inawekwa lami.

— Taa za barabarani nazo, akaongeza Breki.

— Taa nazo. Wiki ya pili anamleta mwenzake, wa fedha. Mwezi haujaisha, baraza zima linakaa kwenye benchi hili peku, likisubiri viatu. Maamuzi ya nchi yanafanyikia hapa!

— Na sisi tutakaa wapi? nikauliza.

— Nyie mtaomba miadi.

Mteja wa nusu kichwa akauliza kama na yeye ataomba miadi. Akaambiwa atulie, wakubwa wanaongea.

Sasa mimi, ndugu zangu, sipendi sifa ikipita karibu yangu bila kunisalimia. Nikasimama.

— Kabla hamjagawana wizara, tukumbushane. Nani alimwandaa huyu fundi kwa usaili wa Kilimani?

Ni kweli nilimwandaa, na wote walikuwepo. Mara ya kwanza tulipofanya mazoezi, Soli alijikunja mbele yangu kama ulimi wa kiatu kilicholowa: “Sisi watu wadogo, mheshimiwa, tunaomba tu.” Nikamwambia, fundi, mtu akiingia jukwaani anaomba msamaha, hadhira inaanza kutafuta mlango. Kifua mbele! Kidevu juu! Wakikuuliza swali likakutia hofu, usilitazame, lijibu, “Bila wasiwasi!” Tukalirudia mpaka likamtoka bila yeye kujua. Hata mbuzi akipita Soli alimwambia bila wasiwasi.

— Akaenda na kifua, nikasema. Na Kilimani wakampa yote! Makofi kwa nani?

Wembe alipiga makofi kwa mkono mmoja pajani, wa pili una mashine. Soli mwenyewe alitabasamu.

— Haki ya Mungu, lilinisaidia. Walikuwa watu sita mezani. Kila nilipobanwa, bila wasiwasi. Mpaka na wao wakatulia.

— Basi imekwisha, alisema Breki. Kilimani!

— Kilimani! tukaitika sote, pamoja na mteja.

Hapo ndipo mke wa Soli alipotokea. Yeye ni mshonaji. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, na pini tatu kwenye ukosi. Hajawahi kukaa kwenye benchi lile, anasema linafundisha uvivu.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, shemeji. Tumemaliza kazi! Ni Kilimani.

— Vizuri. Mnieleze kidogo tu. Hiyo yote ya Kilimani ni mpaka amalize, au mpaka amalize mwaka?

Nimecheza mbele ya watu mia tano waliokataa kucheka. Hata siku ile sikulitamani pazia kama hapa. Breki akaangalia birika. Wembe akakumbuka ana mteja. Mimi nikarekebisha shati ambalo halikuwa na tatizo.

— Bondeni nilikwenda mimi, alisema mama. Niliwauliza hivyohivyo. Wakanijibu: robo tatu kila mwaka, mpaka kidato cha mwisho. Kilimani alikwenda huyu. Baba watoto, uliwauliza?

Soli alikishika kile kiatu kwa mikono yote miwili.

— Wao ndio waliniuliza.

— Walikuuliza nini?

— Kitu kuhusu mwaka wa pili. Kama... kama tutamudu wenyewe.

— Ukasemaje?

Kijiwe kizima kiligeuza shingo polepole, kikanitazama mimi.

Mama hakupiga kelele. Kwa kweli afadhali angepiga.

— Kaka yake binti huyu alirudishwa katikati ya muhula, alisema. Alishuka na sanduku kichwani, akaniambia, mama, ni wiki mbili tu, ukipata ada narudi. Sanduku lile bado liko chini ya kitanda changu, na yeye sasa anabeba mizigo sokoni. Mimi sikati nguo kabla sijajua kitambaa kinafika kwenye pindo. Huyu binti akitoka mlangoni kwangu, harudishwi. Niitieni hiyo Kilimani kwenye simu.

Soli alitafuta namba, vidole vina gundi. Mama akachukua simu, akaweka spika.

— Ofisi ya mhasibu, ikasema sauti ya mwanamke.

— Mimi ni mama wa yule binti wa fundi viatu. Msaada wenu ni wa miaka mingapi?

Karatasi zikapekuliwa.

— Kwa familia yenu ni mwaka wa kwanza tu, mama. Kuanzia wa pili mtajilipia. Baba aliulizwa, akajibu... hapa wameandika, “bila wasiwasi.” Aliulizwa mara ya pili kuhakikisha. Akajibu kwa sauti kubwa zaidi.

— Hiyo ndiyo pumzi ya tumbo, nikanong'ona. Nilimfundisha.

Breki akanikanyaga mguu.

— Dada yangu, alisema mama, naomba ulifute hilo. Andika wasiwasi upo.

— Samahani?

— Wasiwasi upo. Upo mwingi. Baba yake anashona viatu, mimi nashona nguo, na mwaka wa pili hatuuwezi. Tulidanganya kwa aibu, sasa aibu imetutoka.

Kisha ile sauti ikalainika kidogo.

— Siwezi kukuahidi kitu, mama. Kamati inakaa kesho saa tatu. Njooni mseme wenyewe.

— Nitafika kabla hamjapangusa viti.

Akakata. Akamrudishia mumewe simu, akamtoa uzi kwenye bega, kama vile hakuna lililotokea.

— Sikiliza, baba watoto. Kesho tunakwenda wote wawili. Wakisema mpaka amalize, Kilimani. Wakisema mwaka, hapohapo mlangoni kwao napiga simu Bondeni, na ile robo inayobaki ni ya mikono hii minne. Farasi atawaona kwenye picha.

— Na nikibanwa na swali? aliuliza Soli.

— Unasema ukweli.

— Bila mazoezi?

— Ukweli umeufanyia mazoezi tangu uliponioa.

Soli akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akachukua sindano, akakirudia kiatu. Mzee wa kahawa akainamisha birika. Yakatoka matone mawili, na machicha.

Nilidhani nimesalimika. Mama alikuwa ameshapiga hatua kadhaa aliposimama, akanigeukia.

— Shemeji Mkurugenzi. Kesho na wewe unakuja. Kamati wakiuliza yale majibu ya kwanza yalitoka wapi, nataka niwe na kitu cha kuwaonyesha. Gari inaondoka saa kumi na moja alfajiri. Utaweza kuamka?

Ndugu zangu, mimi saa hizo sijawahi kuziona, nasimuliwa tu. Nilikusudia kusema ukweli, nikafungua mdomo kabisa niuseme. Kifua kikaenda mbele chenyewe. Kidevu kikapanda.

— Bila wasiwasi, shemeji!