Josphat Luseno, Fundi wa Maji Aliyeulizwa Habari za Moyo

Kabla sijaanza, wageni wajue anayeandika ni nani. Mimi ni Mativo wa geti. Kama nisingesimama pale langoni miaka hii ishirini na miwili, mtaa wetu wa Muungano ungekuwa umeshabebwa bati kwa bati, ukauzwa Mathare, na wenye nyumba wasingeamka. Hilo linajulikana mpaka Muthurwa. Ndiyo maana ofisi ilipotaka mtu wa kuandika wasifu wa Mzee Luseno, haikuhangaika kutafuta mwenye shahada. Teresiah, katibu wetu, aliniletea karatasi mwenyewe. "Anko, andika kuhusu Luseno," akasema. "Si kuhusu wewe. Na iwe fupi." Nimemsikia.

Basi, Mzee Josphat Luseno, fundi wa maji wa Ushirika wa Makazi wa Muungano, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya kutumikia mtaa huu miaka thelathini na mitano. Alitoka Vihiga akiwa kijana, na spana moja na mashati mawili. Alikuta pampu ya kisima inakohoa, tangi limetoboka, na mabomba ambayo hakuna mtu aliyejua yanaelekea wapi. Leo anaacha pampu inayonguruma kama inavyotakiwa, na kila nyumba inapata maji siku yake ya zamu.

Kuna kitu alifanya ambacho hakuna bosi aliyemwagiza. Luseno hajawahi kufunga maji bila kupiga hodi. Kabla ya kugusa koki alizunguka mlango kwa mlango: "Mama, chota kwanza, nataka kufunga." Na kama kazi ilikuwa ndefu, aliagiza lori la maji, lile tunaloliita bauza, lisimame uwanjani kwanza, ndipo azime pampu. Vijana walikuwa wakimcheka. "Buda, si ufunge tu? Watajijua!" Naye akiwajibu, "Mtu mwenye sabuni machoni hajijui."

Siku ile bomba kubwa lilipopasuka kando ya kanisa, wakati wa mvua nyingi za 2018, maji yaliruka yakambeba mbuzi wa Mama Mbeti, yakamweka juu ya paa la kanisa. Mbuzi alikaa huko siku mbili na aliteremka akiwa mnyenyekevu. Luseno alilikalia bomba lile kwa mwili wake wote, kama kuku anayeatamia, hadi mimi nilipofika mbio na kifaa cha kuliziba. Wanaosema siku hiyo nilikuwa Machakos harusini wamechanganya siku.

Sasa nifike kwa jambo ambalo limenivuruga akili tangu Machi, na sifichi, bado limenivuruga.

Mwezi ule nilianza kuhema nikipanda ngazi, mimi ambaye nimewahi kumfukuza mwizi kutoka hapa hadi Pumwani bila kutema mate. Kulala pia kukawa shida, lazima mito miwili. Nikaenda kliniki. Daktari Nafiso, binti mdogo mwenye subira, alinisikiliza kifua, akakisikiliza tena, akanituma nikapigwe picha ya moyo. Niliporudi na majibu akaniambia, "Mzee Mativo, moyo wako una vali inayovuja." Nilimshukuru nikatoka, naye alikuwa bado anaongea. Vali inayovuja! Kwani katika mtaa huu mtu wa vali ni nani? Nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha pampu.

Teresiah, niliyemkuta huko, alicheka mpaka akashika ukuta. "Anko, kumbe unavuja! Tukuwekee ndoo?" Luseno hakucheka. Alinipa kiti chake, akafuta mikono, akauliza kama fundi. "Inavuja ikiwa imefungwa au ikiwa imefunguliwa?" Sikujua. "Iko upande gani?" Sikujua.

Akachukua chaki akachora sakafuni: kisima, pampu, tangi, nyumba. Akasema moyo ndio pampu, damu ndiyo maji, na mimi ndimi mtaa. Nikaanza kupata nafuu. Lakini chaki ilipofika kwenye nyumba ikasimama.

"Maji yangu yakishafika jikoni kwa watu, mimi simo tena," akasema. "Wanapika, wanaoga, wanamwaga, yanaenda mtaroni. Hayajawahi kunirudia. Sasa wewe damu yako ukishaitumia, unaimwaga wapi?"

Mimi ni mtu wa miaka hamsini na mitatu, nimeibeba damu hiyo tangu nizaliwe, na sijawahi kuona ikimwagwa popote. Kisha akasema neno lililonitoa jasho. Alisema vali haitengenezwi pampu ikizunguka, lazima uizime. "Ya mtaa nikiizima, watu watapiga kelele, nitaiwasha. Ya kwako ikizimwa, Mativo, nani atapiga kelele?"

Fundi mwingine angenidanganya hapo, aniuzie na dawa ya mizizi. Luseno alisema, "Hii si idara yangu." Akanawa miguu, akavaa koti lake la matanga, akanirudisha kwa Daktari Nafiso, na akamwomba aanze upya, polepole.

Daktari akachora. Akasema moyo si pampu moja, ni mbili zilizoshikana, na una vyumba vinne. Vya juu viwili vinapokea, vya chini viwili vinasukuma. Upande wa kulia unapokea damu iliyokwisha kutumika, inayorudi kutoka mwilini, na kuisukuma kwenye mapafu. Huko inaacha hewa chafu na kuchukua safi. Kisha inarudi moyoni, upande wa kushoto sasa, ambao unaisukuma kwenye mwili mzima hadi kwenye vidole vya miguu. Halafu inarudi kwa mishipa mingine na kuanza tena. Damu ni ileile, inazunguka tu. Hakuna mtaro.

Luseno aliinua mkono. "Inarudi yote?"

"Inarudi, mzee."

"Bila kusukumwa na pampu nyingine huko mbali?"

Daktari akasema misuli ya miguu husaidia mtu akitembea, na mishipa inayorudisha damu ina vijimlango vya kuizuia isishuke. Luseno akaniangalia kwa hasira kidogo. "Na wewe unakaa kwenye kiti getini kutwa nzima."

Kuhusu mimi, mlango mbovu, yaani ile vali, ni ule wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Chumba cha chini kikijikaza, mlango unatakiwa kufunga kabisa. Wangu unaacha mwanya, damu nyingine inarudi nyuma kuelekea mapafuni, na ndiyo maana nahema. Daktari anadhani ni homa za koo za utotoni, kule Mwingi, ambazo hazikutibiwa. Hapo ndipo nilipotea kabisa. Ugonjwa wa koo ulifikaje kwenye mlango wa moyo, na ulikuwa unangoja nini miaka yote hiyo? Na kama damu inapita moyoni mara mbili kila mzunguko, inaanzia wapi? Niliuliza mara nyingi hadi Luseno akanikanya: "Duara halina mwanzo, wacha kumsumbua daktari."

Kisha akauliza swali lake, lile la kuzima. Daktari akasema ipo mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati madaktari wa upasuaji wanatengeneza mlango.

Luseno akapiga meza. "Bauza! Wanaleta bauza kwanza!"

Daktari Nafiso akaniuliza bauza ni nini, na kwa mara ya kwanza tangu Machi sikuwa mimi peke yangu niliyechanganyikiwa. Luseno akamweleza, tena kwa heshima, kisha akauliza, "Na mnapiga hodi kwa mgonjwa?" Daktari akafikiri, akasema ndiyo, siku moja kabla ya upasuaji kuna mtu atakayekuja kitandani kunieleza kila kitu. Luseno akaridhika. Mimi sikuridhika, lakini niliweka sahihi kwamba nimekubali kupasuliwa, kwa sababu yeye alikuwa ameridhika.

Juma lililofuata alichora ule moyo kwenye ukuta wa chumba cha pampu, na nilimkuta mara nyingi amesimama mbele yake na kikombe cha chai kinapoa. Nafikiri aliuonea wivu. Mchoro bado uko pale, asiufute mtu.

Nitapasuliwa Jumanne hii. Mzee Luseno anapanda basi la Vihiga Jumapili. Mizigo imefungwa, na mkewe amemngoja miaka mingi kuliko umri wa Teresiah.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote na wakazi wa Muungano, tunasema asante, Mzee. Asante kwa kila ndoo iliyojaa na kila mlango uliougonga. Ukapumzike, ng'ombe wako waizoee sura yako, migomba ikustawie, na usiamshwe tena na mtu anayelalamika bomba. Sisi sote tunakuombea uzee mtamu.

Lakini kuna neno nimelileta kwako kwenye chumba cha pampu mara kadhaa, na kila mara nikarudi nalo getini. Nimewatangazia wote hapa kwamba nitaingia hospitali peke yangu, kwamba mwanamume haendi kutibiwa na msafara. Si kweli. Wavinya, mke wangu, atakuja, lakini akiniona natetemeka ataanza kulia, halafu tutakuwa wawili. Nahitaji mtu wa kuuliza maswali. Naogopa, Mzee wangu. Usipande basi la Jumapili.